Kundi la Kuonekana na Kundi la Kuwapo: Uhakiki wa Istilahi za Galaksi na Kuumbika kwa Nyota

Makala hii inakusudia kuhakiki istilahi chache zilizotumika katika rasimu moja ya tafsiri iliyoletwa kwetu ili itolewe maoni kabla ya kupigwa chapa. Rasimu yenyewe inaeleza jinsi wataalamu wa falaki wanavyochunguza kuumbika kwa nyota katika makundi madogo ya galaksi zilizokaribiana mno, kwa kutumia nuru inayoonekana kwa macho pamoja na ile isiyoonekana iitwayo infraredi. Imekusudiwa kuwasaidia walimu, na kwa hiyo niliisoma pamoja na walimu wachache wa Majimoto, upande wa Mpimbwe, mkoani Katavi. Jina la mfasiri halitatajwa. Sarufi yake haina dosari, na Kiswahili chake kinasomeka kwa raha. Kasoro zimo katika istilahi, na baadhi yake si kasoro za ladha: zinaugeuza ukweli wa jambo linaloelezwa.

Tuanze na iliyo kubwa kuliko zote. Kila mahali ambapo maandishi ya asili yanazungumzia kundi la galaksi, rasimu inaandika "kundinyota". Na panapotajwa kundi la galaksi zilizobanana, inaandika "kundinyota lililosongamana". Yaelekea mfasiri alitafuta neno la Kiswahili linalohusu vitu vya angani vilivyo pamoja, akalikuta kundinyota limekwisha kuundwa na kuzoeleka, akaridhika nalo.

Kundinyota ni nyota ambazo mtu aliyesimama duniani huziona ziko pamoja, akaziunganisha kwa mawazo yake, akazifanya mfano wa nge, au wa simba, au wa mwindaji. Ukaribu wake ni wa macho tu. Katika kundinyota la Jabari, ambalo kwa lugha za Ulaya huitwa Orion, nyota ya Rigel iko mbali nasi kwa kiasi cha miaka ya nuru 860, na nyota ya Bellatrix, iliyo begani, kwa kiasi cha miaka ya nuru 250. Hazina udugu wowote. Mtu angeweza kusafiri hadi upande mwingine wa anga angekuta Jabari amesambaratika. Kundi la galaksi ni jambo jingine kabisa. Hizo ni galaksi zilizoshikwa pamoja na nguvu ya mvutano, zinazozungukana, zinazonyang'anyana gesi, na ambazo baadhi yake huishia kuungana zikawa moja. Na kila galaksi kubwa ina nyota mabilioni kwa mabilioni. Kwa hiyo kuliita kundi hilo kundinyota ni kukosea kipimo na kukosea aina.

Huenda msomaji akasema kuwa tofauti hii ni ya wataalamu, nasi watumishi wa lugha yatutosha neno moja. Hoja hiyo haisimami, maana swali la kama galaksi hizi ziko pamoja kweli au zaonekana tu ziko pamoja ndilo lililouzaa utafiti wenyewe. Mwaka 1877 mtaalamu wa falaki wa Ufaransa, Édouard Stephan, akiwa Marseille, aliona galaksi tano zilizobanana katika eneo dogo sana la anga. Kundi hilo likapewa jina lake, likajulikana kuwa ndiyo Tano za Stephan. Kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa ni tano zilizo mahali pamoja. Mwaka 1961 Margaret na Geoffrey Burbidge waliandika juu ya kasi za galaksi hizo, ikabainika kwamba moja, iitwayo NGC 7320, haiendi na wenzake: inatuacha kwa kasi ya kilomita 800 hivi kwa sekunde, na zile nyingine kwa kiasi cha kilomita 6,000. Vipimo vya baadaye vimeiweka NGC 7320 umbali wa miaka ya nuru milioni 40 hivi, na wenzake umbali wa miaka ya nuru milioni 290 hivi. Yaani ile moja ni mpita njia aliyepigwa picha pamoja na watu wa harusi.

Mwaka 1982 Paul Hickson alitoa orodha ya makundi 100 ya namna hii. Aliyachagua kwa kutazama picha za anga, akaweka masharti: galaksi zisipungue nne, zisitofautiane sana kwa mng'ao, ziwe zimebanana, na kandokando yake pawe pametengwa na galaksi nyingine za kadiri ile. Masharti yote hayo ni ya macho. Miaka 10 baadaye, mwaka 1992, yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kupima kasi zake, wakapata kwamba makundi 92 yana angalau galaksi tatu zinazokwenda pamoja, na 69 yana angalau nne. Mengine yalikuwa, kwa lugha yetu, makundinyota ya galaksi: kuonekana pamoja bila kuwa pamoja. Sasa mfasiri aliyekwisha kuliita kila kundi "kundinyota" ataisemaje habari hii? Rasimu ilipofika hapo ikaandika kwamba "baadhi ya makundinyota yaligunduliwa kuwa si makundinyota ya kweli", sentensi ambayo mwalimu mmoja wa Majimoto aliisoma mara tatu, kisha akauliza kama kuna makundinyota ya uongo.

Mwalimu huyohuyo alileta jambo ambalo wengi wetu ofisini tulikuwa hatujalipima. Aliuliza: Kilimia ni kundinyota? Wazee wanaitazama Kilimia wakapanga kilimo, na jina lenyewe linatokana na kulima. Lakini je, nyota zile ziko pamoja, au ni macho yetu? Jibu ni kwamba Kilimia ni nyota za ukoo mmoja. Ziko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, zinapita zaidi ya 1,000 zikihesabiwa na zile zisizoonekana bila darubini, na zote ziliumbika kutokana na wingu moja la gesi yapata miaka milioni 100 iliyopita. Kwa hiyo Kilimia ni fungunyota, si kundinyota. Neno fungunyota lipo na limekwisha kutumiwa na baadhi ya waandishi wa falaki kwa Kiswahili. Tunalolipendekeza ni kwamba litofautishwe kwa ukali na kundinyota, na kwamba kundinyota lisivuke tena mpaka wake: liwe jina la picha iliyochorwa na mwanadamu angani, basi.

Kwa galaksi, neno "kundi" pekee, yaani "kundi la galaksi", latosha kwa mkusanyiko wa kawaida. (Wako wanaopenda "majarra" badala ya galaksi, kwa kuwa limetoka Kiarabu na lina sauti nzuri. Sina ugomvi nalo, ila galaksi limekwisha kuenea, na kupigania neno lililokwisha kushindwa ni kupoteza karatasi.) Tatizo ni kundi lile dogo lililobanana, ambalo ndilo kiini cha rasimu. "Lililosongamana" si baya kimaana, lakini msongamano kwetu ni wa watu na magari, na waliosongamana hutazamiwa kutawanyika baadaye kila mmoja aende kwake. Galaksi hizi hazitawanyiki. Mapendekezo kadhaa yalitolewa: kishada, shazi, tana, hata mkungu. Mwalimu mmoja wa kike, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, ndiye aliyesema kichala. Kichala cha matunda kina matunda machache, yamegusana, na yote yameshikwa na kikonyo kimoja hata ukikiinua huwezi kuinua moja ukaacha mengine. Hiyo ndiyo maana inayotakiwa: uchache, ukaribu na kifungo. Shazi na tana vinakaribia, lakini mtu akisikia tana huona ndizi tu, na huyo aliyependekeza kuendelea hadi mkungu kwa makundi makubwa yenye galaksi elfu na zaidi alikuwa, nadhani, anatutania. Napendekeza kichala cha galaksi.

Kasoro ya pili ni ndogo kwa maandishi lakini yaweza kuwa na madhara makubwa zaidi. Katika vichala hivi galaksi zinapovutana, gesi yake hukorogwa na kukandamizwa, na mara nyingine nyota huanza kuumbika kwa wingi na kwa ghafla. Rasimu inaliita jambo hilo "mlipuko wa nyota". Lakini mlipuko wa nyota ni kifo cha nyota, pale nyota kubwa inapofika mwisho wake ikapasuka. Msomaji anaambiwa kwamba katika kichala cha 31 cha Hickson, ambamo galaksi ndogo zinaungana, pametokea milipuko ya nyota katika miaka milioni michache iliyopita, naye ataelewa kuwa nyota nyingi zimekufa, hali habari inayosemwa ni kwamba zimeanza. Hapa tafsiri imesema kinyume, wala mwanafunzi hana njia ya kugundua. Twaweza kusema "mfumuko wa kuumbika kwa nyota". Wachumi wamekwisha kutuzoeza mfumuko kuwa ni kupanda kwa haraka kuliko kawaida, na wala hapana anayedhani kuwa bei zimelipuka.

Na kuumbika kwenyewe? Rasimu inasema "uzalishaji wa nyota", na kwa kadiri ya nyota zinazoumbika kwa mwaka inasema "kiwango cha uzalishaji". Neno hili limeletwa na lugha ya mipango na viwanda, nalo hudai kuwapo kwa mzalishaji mwenye lengo. "Uumbaji" nao hudai Muumbaji, na mwalimu wa fizikia asilazimishwe na istilahi kuingia katika somo la dini. "Kuzaliwa" ni tamu, hutumiwa sana magazetini, na sioni ubaya kwa maandishi ya watoto. Ila huleta swali la mama. "Kuumbika" halidai mtendaji. Linaeleza kwamba wingu la gesi limejikunja kwa uzito wake lenyewe hata likawa nyota. Basi "kasi ya kuumbika kwa nyota" itapimwa kwa tungamo la Jua kwa mwaka: galaksi yetu huumba, au tuseme ndani yake huumbika, nyota zenye tungamo la Jua moja au mawili hivi kila mwaka. Mnaona jinsi kitenzi kilivyoniponyoka hata mimi ninayekipigia debe. Lugha hupenda mtendaji.

Sasa tufike kwenye nuru. Uchunguzi unaotumia nuru ionekanayo umeitwa katika rasimu "uchunguzi wa macho". Walimu walicheka, na walikuwa na haki. Uchunguzi wa macho hufanywa na mganga katika kliniki, kwa kumtaka mgonjwa asome herufi ukutani. Isitoshe, wataalamu hawa hawatumii macho yao bali vyombo vinavyopokea nuru ya aina ile ambayo macho yangeweza kuipokea. Iandikwe "uchunguzi kwa nuru ionekanayo", ingawa ni neno moja zaidi. (Neno "mwanga" nimeliepuka kwa makusudi. Halina kosa kisayansi, lakini katika sehemu nyingi za nchi mwanga ni mchawi pia, na "uchunguzi kwa mwanga wa usiku" ni sentensi ambayo sitaki kuieleza mbele ya mkutano wa kijiji.)

Infraredi imeitwa "mionzi ya joto". Hapa mfasiri ana utetezi wa kihistoria: mwaka 1800 William Herschel aliligundua jambo hili kwa kutandaza rangi za nuru ya Jua na kuweka vipimajoto, akaona kipimajoto kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana nuru yoyote, kinapanda kuliko vyote. Lakini istilahi haifungwi na siku ya ugunduzi wake. Majimoto ni mahali pazuri pa kulipima neno hili, kwa sababu mji wenyewe umepata jina lake kwa chemchemi za maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto, na mwenyeji wa hapo hahitaji kufundishwa maana ya joto. Tulipomweleza mwalimu mmoja kuwa mawingu ya vumbi katika galaksi hutoa mionzi ya joto, alielewa mara moja kuwa mawingu hayo yana moto kama chemchemi. Kumbe sehemu kubwa ya vumbi hilo lina baridi ya kiasi cha nyuzi 240 za Selsiasi chini ya sifuri. Neno lilieleweka upesi, na lilieleweka vibaya.

Tuliporudi kwenye jambo lenyewe, tulipata njia bora. Kila mtu wa pale ameona tanuri la mkaa. Kuni zinawaka ndani, zimefunikwa kwa udongo, na kwa nje usiku huoni mwale hata mmoja. Ila ukisogeza mkono unajua. Nyota changa ziko hivyo. Huumbika ndani ya mawingu yenye vumbi, na vumbi hilo huzuia nuru yao, hupata vuguvugu kidogo tu, kisha huitoa nishati ile ikiwa infraredi. Nyota zilizokwisha kuchomoza nje ya wingu hutambuliwa kwa nuru ionekanayo, hasa ule wekundu wa haidrojeni iliyochochewa, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656. Zilizofunikwa hutambuliwa kwa infraredi. Anayetumia nuru moja tu huhesabu nusu ya familia, na ndiyo sababu watafiti wa vichala hutumia zote mbili. Ndiyo sababu pia mfasiri hana ruhusa ya kuzichanganya.

Hata hivyo infraredi peke yake si ushahidi wa nyota, na hili rasimu imelipita haraka. Katika Tano za Stephan galaksi moja inaingia katikati ya wenzake kwa kasi inayokaribia kilomita 1,000 kwa sekunde. Mgongano huo umetengeneza wimbi kubwa la mshtuko katika gesi. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba darubini ya Spitzer, iliyorushwa mwaka 2003, imeona humo infraredi yenye nguvu itokayo kwa molekuli za haidrojeni, na bado nyota zinazoumbika katika mshtuko huo ni chache kuliko wingi wa gesi ungevyotutazamisha. Picha za darubini ya Webb zilizotolewa Julai 2022 zimelionyesha eneo hilo kwa uwazi usiokuwapo kabla. Mfasiri aliyeandika "joto la nyota" kila palipo infraredi ameliandika kosa kwa kalamu yake mwenyewe.

Basi tuiite nini? Kwa nuru iliyo ng'ambo ya pili, yaani baada ya urujuani, tumekwisha kuwa na "urujuanimno", neno lililoundwa kwa ustadi ijapokuwa "-mno" husema kupita kiasi, si kupita mpaka, na mgeni aweza kudhani ni urujuani uliokolea. Kufuata mfano huo tukapata "wekundumno" ni kuzidisha tatizo, maana infraredi haijakolea wekundu. Haina wekundu kabisa. "Infra-nyekundu" ni nusu mtu nusu samaki. Nashauri tubaki na "infraredi" lililotoholewa, lisiloahidi kitu lisichoweza kutimiza, na mwandishi alieleze mara ya kwanza kwa maneno "nuru isiyoonekana, iliyo chini ya nyekundu".

Watakaolalamika kuwa tunakopa kupita kiasi wakumbuke kwamba falaki nayo imekopa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ni setilaiti hiyo iliyoonyesha kuwa makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto kali sana, ambayo nuru ionekanayo haikuwa imeidokeza. Jina hilo limo katika vitabu vya falaki vya lugha zote, bila tafsiri.

Jambo moja la mwisho kuhusu vichala na vyombo. Setilaiti ya IRAS, iliyorushwa mwaka 1983 na Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilipima infraredi ya anga karibu yote, lakini haikuona kwa makini ya kutosha kutenganisha galaksi zilizobanana. Nuru ya galaksi tatu ilifika ikiwa nukta moja. Mwaka 1989 Hickson na wenzake walihitimisha kuwa galaksi za vichala hutoa infraredi nyingi kuliko galaksi za upweke. Mwaka 1993 watafiti wengine wakalipinga hilo, wakionyesha ugumu wa kugawa nukta moja kwa wenyewe. Spitzer ilipokuja ikawezekana kupima kila galaksi kivyake. Kazi ya mwaka 2007 juu ya vichala 12 ilikuta kwamba vyenye gesi nyingi vina galaksi zinazoendelea kuumbika nyota, vilivyopungukiwa gesi vina galaksi zilizotulia, na zilizo katikati ni chache, dalili kwamba galaksi ikiwa ndani ya kichala hupita haraka kutoka hali moja hadi nyingine. Rasimu imeitafsiri aya hii yote kwa umoja, "kundinyota linatoa", "kundinyota linazalisha", na kwa hiyo imerudi bila kujua kwenye kosa lilelile la IRAS.

Nitoe sentensi moja, msomaji apime. Rasimu inasema: "Uchunguzi wa macho na wa mionzi ya joto umeonyesha kwamba kundinyota lililosongamana lina milipuko mingi ya nyota." Ingesomeka hivi: "Uchunguzi kwa nuru ionekanayo na kwa infraredi umeonyesha kwamba katika kichala hiki baadhi ya galaksi zina mfumuko wa kuumbika kwa nyota." Urefu haukuzidi sana, na kila neno linaweza kuulizwa likajibu.

Kichala ndilo neno ambalo bado linahitaji kujaribiwa kwingine kabla ya kufikishwa katika kikao cha kusanifisha. Majimoto walilielewa kwa maembe. Napenda kusikia kutoka Dodoma, kwenye zabibu, kama kichala ni kile kinachoning'inia mtini au hata kilichokwisha kukatwa. Na kutoka Unguja na Pemba, kama kishada hakijachukua nafasi yake kabisa katika usemi wa kila siku. Maoni yaandikwe pamoja na sentensi ambamo neno limesikika, na mahali liliposikika.